Mbwa hajui Kizungu

Mlinzi wa jirani hapa Bamburi huongea Kigiriama na mkewe kwa simu, Kiswahili na sisi, na Kizungu na mbwa. "Siti! Kamu hia!" Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama niliyeuliza mbona bahari ina chumvi.

"Mbwa husikia Kizungu tu." Kwa mbwa neno ni mlio, basi. Chaser, mbwa wa Marekani aliyefunzwa na John Pilley, alijua majina ya vitu vya kuchezea zaidi ya 1,000. Yangekuwa ya Kiswahili angeyajua vilevile. Linalomvuruga ni nyumba moja kuwa na maneno matatu: baba "kaa", watoto "siti", mama "hebu tulia wewe". Na hilo "kaa" lina mtego, maana sisi hulitumia kwa kuketi na pia kwa kubaki pale pale. Mimi nimechagua "keti" na "ngoja", na nyumba nzima nimeiapisha.

Kumfundisha "keti" hakuhitaji kumkandamiza mgongo. Chukua kipande cha maini yaliyochemshwa, kidogo kama punje ya hindi, mshikie mbele ya pua, kisha kipandishe taratibu kuelekea kisogoni. Kichwa kikifuata juu, makalio hushuka yenyewe. Yakigusa sakafu tu, sema "ehee!" umpe. Ukichelewa sekunde mbili tatu ameshainuka, na utakuwa umemlipa kwa kuinuka. Neno "keti" lije baadaye, akishazoea kuketi bila kusita.

Na si mlinzi tu, watu wana mengi ya kusema kuhusu kufunza mbwa. "Mtoto wa mbwa msubiri afike miezi sita." Kufikia hapo ameshajifunza mengi, ila si uliyoyataka. Akiwa na wiki 8 anaweza kuanza, dakika 3 hadi 5 kwa mkupuo, mara kadhaa kwa siku. Kati ya wiki ya 3 na karibu ya 14 ndipo huyapokea mageni bila hofu kubwa, kwa hiyo mwonyeshe tuktuk, mkokoteni, mwanamke aliyevaa buibui, na asikie adhana ya spika. Chanjo zikiwa bado hazijakamilika, mbebe. Usimshushe palipopita mbwa wengine, parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, haina huruma. Na jua la saa saba mchana wakati wa kaskazi si la masomo. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na katika hewa nzito kama yetu hata kuhema hakumfai sana. Alfajiri, au baada ya magharibi.

"Mwislamu hafunzi mbwa." Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na neno la Kiarabu lililotumika pale limetokana na *kalb*, yaani mbwa. Linalowapa wengi wetu tabu ni mate, ambayo kwa madhehebu ya Shafi ni najisi. Basi mrushie maini chini badala ya kumlisha mkononi. Atajifunza vilevile.

"Pilipili humfanya mkali." Humchoma tumbo.

"Mbwa wa kienyeji hafundishiki." Anayejua bucha hufunguliwa saa ngapi hawezi kushindwa na "keti".

"Anajua amekosa, tazama alivyoinamisha kichwa." Hapa ndipo fimbo hutafutwa, na pua ya mtoto wa mbwa husuguliwa kwenye mkojo wa saa nzima iliyopita. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio lake kuhusu uso huo wa hatia: ulijitokeza zaidi pale mwenye mbwa alipomkemea, hata kama mbwa hakuwa amekula alichokatazwa. Anasoma hasira yako, si kosa lake. Adhabu huiunganisha na kile anachokifanya wakati ule ule.

Hilo nimelilipia. Mbwa wangu, jina lake Chui, alipokuwa na miezi minne aliitafuna kubadhi mpya, mguu mmoja tu, akauacha wa pili kama dhihaka. Nikamwita, "Chui, njoo!" Akaja mbio, mkia ukipepea. Nikamchapa. Siku tatu hivyo, kwa makosa matatu, na kila mara nilimwita kwanza. Kwake "njoo" ikawa jina la kipigo, na mbwa akawa haitiki hata nikiwa na nyama.

Ilibidi neno lile nilizike. Sasa namwita "hapa", na kila akija hupata kitu. Lakini nikijisahau nikasema "njoo", bado husimama hatua tatu kabla ya kunifikia, akanitazama mikono.