Neno "mkanyagano" linavyotupotosha

Kila umati unapoua watu, habari huandikwa kwamba walikufa "katika mkanyagano", na msomaji hubaki na picha ya watu walioingiwa na kiwewe, wakatimua mbio na kuwapitia wenzao walioanguka. Katika kazi yangu ya kupanga usalama wa mikusanyiko mikubwa, hakuna neno linalonipa taabu kama hilo, kwa kuwa humtupia lawama marehemu na kumsahau aliyeandaa shughuli. Wengi wa wanaofariki hufariki wakiwa wima, wamebanwa kifuani na mgongoni mpaka mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka. Hawakukimbia, maana hapakuwa na pa kukimbilia.

Ninapowafunza walinzi wapya, huchora kwa chaki mraba wenye upande wa mita moja, kisha nawaita waingie mmoja mmoja. Wakiwa wanne, bado wanacheka na kupiga soga. Akiingia wa sita, mabega yanagusana, na aliyetaka kutoa simu mfukoni anagundua kwamba mkono haupandi. Wakifika saba, namsukuma kidogo yule wa pembeni, na wote wanayumba pamoja. Hapo umati umekwisha kuwa kama maji: msukumo unaoanzia nyuma husafiri hadi mbele, na hakuna anayeweza kuuzuia kwa nguvu zake. Ndiyo sababu mwongozo wa viwanja vya michezo wa Uingereza hauruhusu zaidi ya watu 47 wanaosimama katika mita 10 za mraba, hata pale ambapo kila kitu kiko sawa.

Hesabu ya uwanja mzima haitoshi. Mnamo Aprili 15, 1989, katika uwanja wa mpira wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, vizimba vya katikati, yaani sehemu za mashabiki wa kusimama zilizozungushiwa uzio, vilifurika huku vya pembeni vikiwa bado na nafasi. Lango lilifunguliwa ili kupunguza msongamano wa nje, lakini njia ya chini kwa chini iliyoelekea katikati haikufungwa, na watu 97 walipoteza maisha. Huko Itaewon, mtaa wa jiji la Seoul, Korea Kusini, Oktoba 29, 2022, simu za kuomba msaada zilianza kupigwa saa kadhaa kabla ya maafa katika kichochoro chenye mteremko. Waliopiga simu walikuwa wameiona hatari. Aliyekosekana ni mtu wa kuamuru kwamba asiingie mwingine.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mwandaaji huwa moja: nani ana mamlaka ya kusimamisha onyesho bila kumwomba mtu ruhusa? Jina hilo linapaswa kuandikwa kwenye mpango, na mhusika asimame mahali anapouona umati na kusikika kwenye redio ya mawasiliano. Amri yake ya kwanza ianzie nyuma, yaani maingilio yafungwe na safu za mwisho zirudishwe, kwa sababu kuwapigia kelele walio mbele ni kuwaagiza wasiloliweza. (Mwanamuziki anayeacha kuimba mara moja anaposhtuliwa ana thamani kuliko walinzi kumi.)

Kuhusu kutoka, hesabu si ngumu. Mwongozo huohuo unakadiria kwamba kila mita ya upana wa mlango, kwenye sakafu tambarare, hupitisha watu 82 kwa dakika, hivyo watu 10,000 wanaotakiwa kuondoka ndani ya dakika 8 wanahitaji milango yenye jumla ya mita 15 na ushei. Mlango uliofungwa kwa kufuli hauhesabiwi. Niliwahi kukagua ukumbi ambao ramani yake ilionyesha milango minne ya dharura; nilipouliza ufunguo wa ule wa nyuma, niliambiwa kwamba anao msimamizi wa stoo, na kwamba siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Tulipunguza tiketi kabla hata ya kumtafuta.