Orlando mwezi wa Julai: panga siku yako ya Disney kwa kufuata jua

Kila kiangazi, shule zikifungwa, familia zetu nyingi zinazoishi Marekani huteremka Orlando kuwapeleka watoto kwenye bustani za burudani. Mara nyingi huja na bibi au shangazi aliyetoka Tanga au Mombasa kuwatembelea wajukuu. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura hapa Florida ya kati, na neno ninalolisikia sana kwa watu wetu ni hili: "Sisi ni watu wa pwani, joto tumelizoea." Kwa mwezi wa Julai hoja hiyo haiwalindi.

Kuzoea joto ni kazi ya mwili, na mwili hauifanyi mara moja ukabaki nayo maisha. Huchukua wiki moja hadi mbili za kushinda kwenye joto ndipo jasho lianze kutoka mapema, chumvi ipungue kwenye jasho hilo, na moyo upige bila kuhangaika. Ukiondoka kwenye joto, mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache. Aliyekulia Kisauni lakini sasa anaishi Minneapolis, akitoka nyumba yenye kiyoyozi kuingia gari lenye kiyoyozi, ni mgeni wa joto kama jirani yake mzungu. Na bibi je? Julai kwetu ni kipupwe, kusi inavuma, alfajiri watu wanavuta shuka. Bibi anapanda ndege wakati wa baridi ya pwani, anashukia kilele cha joto la Florida.

Ukitazama kipimo peke yake hutashtuka. Nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, ambazo simu ya Kimarekani itakuandikia 90 au 91, Dar es Salaam inazifikia kila Februari. Shida ni fukuto. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, na hewa iliyojaa unyevu hailikaushi. Linatiririka tu na kulowesha nguo. Kwa jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani, nyuzi 32 zikikutana na unyevu wa asilimia 70, mwili unabeba mzigo wa karibu nyuzi 41. Na hesabu hiyo ni ya mtu aliye kivulini. Jua kali linaweza kuongeza hadi nyuzi 8 nyingine.

Utasema fukuto hata Mombasa lipo. Kweli kabisa. Lakini mtazame mtu wa Mombasa saa nane mchana mwezi wa Februari: yuko barazani, au amejilaza chini ya feni. Mtu yuleyule akifika Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney, anatembea kilomita kumi na zaidi kwa siku, anasimama foleni juu ya lami na saruji inayounguza, kuanzia saa tatu asubuhi hadi fataki za usiku, kwa kuwa tiketi ni ghali na hataki dakika ipotee. Misuli inayotembea nayo inazalisha joto. Kwa maoni yangu, kinachowaleta watu wetu hospitali ni kukosa mapumziko ya mchana kuliko hata jua lenyewe.

Kwa hiyo gawa siku, na uigawe kwa jua, si kwa saa ya ukutani. Wanaoswali wataelewa upesi: Julai, adhuhuri ya Dar es Salaam huingia karibu saa sita na nusu, ya Orlando karibu saa saba na nusu. Saa za Marekani husogezwa mbele wakati wa kiangazi, kwa hiyo jua la utosi linachelewa, na joto hubaki juu mpaka saa kumi na moja jioni. Mtu anayesubiri "jua lipungue" saa tisa anatoka katikati ya moto.

Fika kabla lango halijafunguliwa. Cheza michezo ya nje na yenye foleni ndefu mpaka saa tano au sita, kisha toka. Tiketi yako inakuruhusu kurudi siku hiyohiyo. Nenda hotelini, mle, watoto waoge, bibi alale. Rudini saa kumi na moja. Jua linazama baada ya saa mbili usiku, muda mnao. Hamtapoteza mengi, kwa sababu karibu kila alasiri ya kiangazi pepo za Atlantiki na za Ghuba ya Meksiko hukutana katikati ya Florida na kuleta radi, na radi ikikaribia michezo ya nje hufungwa.

Kama hoteli iko mbali, mchana uwe wa ndani. Kati ya bustani za Disney, EPCOT ndiyo rahisi zaidi: The American Adventure inakukalisha kwenye baridi karibu nusu saa, na Living with the Land ni mashua ndani ya jengo. Animal Kingdom ndiyo ngumu, miti yake minene inashika unyevu na majengo ya kujibanza ni machache. Najua watu wetu wanaipenda, maana kuna kijiji kizima kinachoitwa Harambe chenye mabango ya Kiswahili. Nendeni, lakini Kilimanjaro Safaris iwe ya kwanza asubuhi, wakati hata wanyama wanatembea, na mchana mkae kwenye ukumbi wenye kiyoyozi wa Festival of the Lion King.

Maji: kikombe kidogo kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu. Vibanda vya chakula vya Disney hutoa maji ya barafu bure, omba tu. Lakini usizidishe lita 1.4 kwa saa. Maji matupu mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa, dalili zinazofanana na za joto lenyewe. Kuleni chakula chenye chumvi, na wekeni pakiti mbili tatu za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) mkobani. Soda na kahawa baridi zisiwe ndiyo maji yenu.

Wazee wa presha wanahitaji mazungumzo na daktari kabla ya safari. Dawa zinazokojosha, kama Lasix na hydrochlorothiazide, hutoa maji mwilini. Atenolol na ndugu zake huzuia moyo kuongeza mwendo. Dawa za mzio zinazoleta usingizi hupunguza jasho. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Aulize. Insulini isizidi nyuzi 30, wala isigusane na barafu moja kwa moja, ikiganda imeharibika.

Na mtoto kwenye kigari, tafadhali msimfunike kwa leso au blanketi kavu. Kivuli kinapatikana, lakini hewa inasimama na joto linapanda pale ndani, nanyi hammwoni uso. Tumieni kofia ya kigari na feni ndogo ya betri. Leso ilowesheni, mjifunge shingoni, msimame penye upepo.

Sasa dalili. Jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: huo ni uchovu wa joto. Mtoe juani, mlaze miguu juu, mpe maji kidogo kidogo. Kila bustani ya Disney ina kituo cha huduma ya kwanza chenye wauguzi. Msione aibu kuingia mapema.

Akianza kuongea ovyo, kuyumba, kutomtambua mwanawe, kushikwa na degedege au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la ndani limepita nyuzi 40, na ubongo, figo na ini vinaumia kila dakika. Msidanganywe na jasho: ngozi inaweza kuwa kavu, inaweza kuwa imelowa. Panadol haisaidii, kwa sababu hii si homa. Mwite mfanyakazi wa karibu, pigeni 911, na hapohapo mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni, wekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kupoza kwanza, gari baadaye. Msimnyweshe chochote, anaweza kupaliwa.

Najua wengi husita kupiga 911 kwa hofu ya bili na ya Kiingereza. Bili mtazungumza na hospitali baadaye, ziko njia za kulipa kidogo kidogo. Kuhusu lugha, mkipiga semeni "Swahili" na mtaje mlipo. Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu, na hospitali inatakiwa kisheria kuwapa mkalimani bila malipo.