Fosfini ni nini?

Zima taa, fumba macho, kisha bonyeza taratibu kwa ncha ya kidole kona ya nje ya jicho la kulia, ile ya upande wa sikio. Utaona duara hafifu la mwanga. Cha ajabu, halitokei pale ulipobonyeza bali upande wa pili, karibu na pua. (Mara moja inatosha. Jicho si embe la kuminywa kujua kama limeiva.)

Duara hilo ndilo fosfini: mwanga unaoonwa na mtu ilhali hakuna mwanga wowote ulioingia jichoni. Kidole kimeisukuma retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na retina haina habari nyingine ya kupeleka isipokuwa ya mwanga. Iguse kwa mwanga au isukume kwa kidole, ubongo utaambiwa jambo lilelile. Na kwa kuwa picha huangukia retina ikiwa imepinduliwa, sehemu ya retina iliyo upande wa sikio ndiyo inayoangalia upande wa pua, ndiyo maana duara limehama. Kwa hiyo aliyepigwa ngumi akasema ameona nyota, usimcheke.

Zipo pia fosfini zisizohitaji jicho hata kidogo. Habari za kuona husafiri kwa neva ya jicho, yenye nyuzi kama milioni moja, na kufika nyuma kabisa ya ubongo, kisogoni. Ukipitisha umeme kidogo mahali hapo, mtu ataona kitone cha mwanga mbele yake. Daktari Mjerumani Otfrid Foerster aliliripoti jambo hilo mwaka 1929.

Aliyelifanya tumaini la wasioona ni Mwingereza Giles Brindley. Mwaka 1968, yeye na daktari wa upasuaji wa ubongo Walpole Lewin walieleza jinsi walivyompandikizia mwanamke kipofu wa miaka 52 elektrodi 80, yaani ncha ndogo za kupitishia umeme, juu ya ubongo, upande wa kulia wa kisogo. Zilizofanya kazi zilimwonyesha vitone vya mwanga, karibu vyote kushoto kwake, kwa sababu nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayoshughulikia kilicho kushoto. Vingine alivifananisha na nyota angani. (Brindley huyohuyo alibuni baadaye kifaa cha kuamsha neva za kibofu kwa waliopooza, nacho kilifika hospitalini mapema kuliko ndoto yake ya macho.)

Hapa ndipo wengi hukosea. Husikia elektrodi 80 wakadhani ni nukta 80 za picha, kama taa za ubao wa matangazo: washa hizi, zima zile, herufi A imetokea. Fosfini haina utii huo. Kwa mgonjwa wa Brindley, elektrodi moja wakati mwingine ilizaa vitone viwili au zaidi. Tena ramani ya kuona iliyo kisogoni haikugawanywa sawasawa: eneo dogo la katikati, lile unalolitumia sasa kusoma sentensi hii, limepewa sehemu kubwa mno ya ubongo, na pembeni kumebanwa. Elektrodi zilizopangwa kwa nafasi sawa hazileti vitone vyenye nafasi sawa.

Ndiyo maana kazi ya Eduardo Fernández, wa Chuo Kikuu cha Miguel Hernández mjini Elche, Hispania, ina uzito. Katika matokeo yaliyochapishwa 2021, timu yake ilimpandikizia mwanamke wa miaka 57, asiyeona kwa miaka 16, kibati cha milimita 4 kwa 4 chenye sindano ndogo mno, elektrodi 96, zinazoingia ndani ya ubongo badala ya kulala juu yake. Umeme uliohitajika ulikuwa kidogo zaidi, na kwa miezi sita mwanamke huyo alijifunza kutambua mistari, maumbo na baadhi ya herufi. Huko Amsterdam, timu ya Pieter Roelfsema ilikuwa imeshafika elektrodi 1,024, ila kwa nyani. Teknolojia ya namna hii inamlenga hasa aliyewahi kuona. Kwa aliyezaliwa kipofu, sehemu hiyo ya kisogo mara nyingi imeshapewa kazi nyingine.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hata elektrodi milioni hazikiondoi. Mgonjwa wa Brindley alipogeuza macho, vitone vilihama navyo. Katika vifaa vya leo, kamera inayozipa elektrodi picha ya kuonyesha kwa kawaida hukaa kwenye miwani. Macho yakienda kushoto huku miwani imetulia, kikombe kilichoko mbele kitaonekana kimesogea, na mkono utakikosa. Basi anayejifunza kutumia kifaa hufundishwa kutafuta vitu kama bundi: macho yametulia, kichwa ndicho kinachozunguka.