Baknang: tajiri wa Wakankanaey ni mtu gani?

Katika milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, wanaishi Wakankanaey, mojawapo ya makabila ya milimani yanayojumuishwa katika jina Waigorot. Kwao tajiri huitwa baknang. Upande wa mji wa Sagada utasikia zaidi kadangyan. Maskini ni abiteg.

Kusema "tajiri" tu, hata hivyo, kunaacha nusu ya maana. Baknang alikuwa na matuta ya mpunga, nyati wa kulimia, ng'ombe, na huko mkoani Benguet pengine dhahabu. Mali hiyo ilirithiwa, na koo za namna hii zilipenda kuozana, kwa hiyo mtoto wa baknang alianza safari akiwa mbele. Ila mali iliyofungiwa zizini haikumpa mtu heshima. Heshima ilikuja kwa kuchinja na kuwalisha watu karamuni.

Karamu yenyewe huitwa pedit, na hufanywa kwa ngazi. Mume na mke huanza na nguruwe wachache, tuseme 3. Miaka ikipita wanaandaa nyingine ya 5, kisha ya 7, na kuendelea, daima kwa hesabu ya witiri. Mambunong, yaani kuhani, huwaombea kwa mizimu ya mababu. Upatu hupigwa, watu hucheza, na tapey, pombe ya mchele, hunywewa. Kila aliyehudhuria hupewa watwat, fungu lake la nyama, awe baknang au abiteg. Mantiki yake ni kwamba mababu ndio watoao mali, nao wanataka kulishwa. Mchoyo anakata mti aliokalia.

Abiteg naye hakuwa mtumishi tu. Aliweza kulea nguruwe wa tajiri wakagawana watoto wake, akajipatia mbegu ya zizi lake. Ni wachache waliopanda hadi juu kwa njia hiyo, lakini mlango haukufungwa kabisa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kilimo cha kabichi na viazi kilishamiri kando ya barabara ya Baguio hadi Bontoc, na baadhi ya watu wasio na ukoo mkubwa wakatajirika. Nao wakaitwa baknang. Huko Buguias, mkoani Benguet, wengine walizipeleka fedha za mboga palepale zilipokwenda za wazee wao: kwenye nguruwe wa pedit.