Je, wajua kwa nini mshororo wa shairi hukaa barabara kwenye biti ya hip hop?

Kijana mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma mjini, ametoa albamu yake ya kwanza bila lebo wala meneja. Daftari lake nimelishika mwenyewe: chini ya kila mstari amechora vijistari, kimoja kwa kila silabi, kama tulivyohesabu mizani shuleni. Nikamwuliza anahesabu silabi za nini, na yeye kazi yake ni kuchana mistari. "Kaka, ni hesabu ileile," akanijibu. Nimeisikiliza albamu nzima nikiwa na kalamu mkononi, na naona yuko sahihi.

Biti nyingi za hip hop huenda kwa mapigo manne, kisha duru inaanza upya. Kila pigo hugawanyika mara nne, kwa hiyo duru moja ina nafasi 16. Sasa chukua mshororo wa shairi la kawaida: ukwapi, yaani nusu ya kwanza, mizani 8; utao, nusu ya pili, mizani 8; jumla 16. Silabi moja, nafasi moja. Biti ikienda mapigo 90 kwa dakika, hizo ni silabi 6 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayesimulia jambo lililomchangamsha. Hata vesi ya mistari 16, ukiipima, ni beti nne za tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti.

Lugha yenyewe inabeba mzigo mkubwa hapa. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na urefu wake haupishani sana, basi ulimi hauna pa kukwama.

Penye kazi ni kwenye vina. Tazama mishororo hii niliyoitunga kwa mfano:

Nimekaa Kibirizi, na mitumbwi yarejea,
Wanakuja wachuuzi, dagaa wakingojea.

Malenga ataridhika na vina vyote viwili, "zi" katikati na "a" mwishoni, kwa kuwa arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, hutazama silabi ya mwisho. Lakini mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mchanaji huuweka mkazo huo kwenye pigo la ngoma. Katika "Kibirizi" sikio linapokea "ri", katika "wachuuzi" linapokea "u". Juu ya biti, vina hivyo vinasikika kwa mbali tu. "Yarejea" na "wakingojea" vinagongana palepale kwenye "je", na hapo ndipo kichwa cha msikilizaji kinapotikisika.

Kuna mtego mwingine, nao ndio unaowaangusha wengi. Sarufi yetu inagawa vina bure: sokoni, moyoni, shimoni, pendana, onana, kutana. Mtu anaweza kujaza vesi nzima kwa "-ni" na asiseme kitu. Kijana wetu anavikwepa. Yeye huoanisha "stesheni" na "mgeni", maneno yasiyo na undugu wa kisarufi, lakini hapa kwetu, mwisho wa Reli ya Kati, kila mtu anajua yanavyokutana treni ikiingia. Kina cha namna hiyo kinabeba maana, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinachomtofautisha na wenzake, kuliko sauti yake au biti zake.

Nafasi 16 zikijaa zote, je, atapumua wapi? Malenga hutua kati ya ukwapi na utao, wala hakuna anayemharakisha. Biti haimsubiri mtu. Ndiyo maana wachanaji humeza silabi: "nitakuja" inakuwa "ntakuja", "wewe" inabaki "we". Si uvivu wa lugha, ni kutafuta pumzi. Njia nyingine ni kuacha nafasi wazi. Katika wimbo wake wa mwisho kila mstari unaishia kwenye mizani ya 12, na katika zile nafasi nne zilizobaki ameweka mlio wa injini ya boti, aliourekodi kwa simu alfajiri, wavuvi wakirudi Kibirizi.