Kupanda Milima ya Ngong kwa Siku Moja: Maswali na Majibu ya Kiafya

Milima ya Ngong, iliyoko Kaunti ya Kajiado kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, ni safu ya vilele vya nyasi ambavyo kirefu zaidi, Lamwia, kina mita 2,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia inayoanzia upande wa mji wa Ngong kuelekea Kona Baridi hupanda na kushuka mara nyingi, kivuli ni haba, na upepo huvuma kwa nguvu ya kutosha kuendesha mitambo ya umeme iliyosimikwa huko. Upepo huo ndio unaowaponza wageni wengi, kwa kuwa huficha jua kali na jasho linalotoka mwilini.

Nafanya kazi ya kukaa ofisini. Je, nitaweza kuimaliza njia nzima?

Huenda ukaweza, ila usipime safari kwa kilomita peke yake. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yako ina kilomita 12 na jumla ya mita 600 za mwinuko. Hiyo ni karibu saa tatu na nusu bila kupumzika, na kwa mtu asiyezoea ni busara kukadiria saa tano au zaidi. Anzeni mapema asubuhi, na mkubaliane mkiwa bado chini kuhusu saa ya kugeuka, hata kama kilele hakijafikiwa. Katika wiki kadhaa zinazotangulia, panda ngazi na utembee kwa kasi mara kwa mara, ukiongeza muda kidogo kidogo.

Jambo moja husahaulika sana: walio mbele hukaa kumsubiri aliyechelewa, kisha huinuka mara tu anapowafikia, hivyo aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Afadhali yeye ndiye atangulie na kupanga mwendo.

Je, urefu wa milima hiyo unaweza kuniletea ugonjwa wa mwinuko?

Si rahisi, kwa sababu ugonjwa huo kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Hata hivyo, anayetoka Mombasa atahema zaidi ya mwenyeji wa Nairobi, na hilo ni la kawaida.

Nibebe maji kiasi gani?

Kadiria takriban nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto kali. Kwa safari ya saa tano beba lita mbili na nusu hadi tatu. Usisubiri shati lilowe ndipo uamini kwamba unatoka jasho, kwani upepo hulikausha likiwa bado linatoka, na dalili utakayoiona ni mistari myeupe ya chumvi kwenye ukosi au kwenye mikanda ya begi. Kwa upande mwingine, kunywa maji mengi kupita kiasi bila kula chochote hupunguza chumvi katika damu na kunaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa na, hali ikiwa mbaya, kuchanganyikiwa. Kwa hiyo kunywa kidogo kidogo unapohisi kiu, na ule karanga zenye chumvi, mayai ya kuchemsha, chapati au ndizi njiani.

Hewa ni baridi. Kwa nini nijikinge na jua?

Kwa sababu miale inayounguza ngozi haipunguzwi na upepo, tena huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kofia pana yenye kamba ya kidevuni hufaa kuliko kepu, ambayo huacha masikio na shingo wazi. Kwa mwenye ualbino, mikono mirefu, miwani ya jua na losheni ya kukinga jua ya kiwango cha SPF 30 au zaidi, inayopakwa upya kila baada ya saa mbili, ni mambo ya lazima. Mwenzenu yeyote akianza kuongea ovyo au kuyumba huku mwili ukiwaka moto, mtafutieni kivuli, mmwagieni maji, mmpepee, na mpige simu 999 au 112 bila kungoja.

Nina shinikizo la damu, kisukari au pumu. Je, nibaki nyumbani?

Wengi wenye maradhi hayo, yakiwa yamedhibitiwa, wanaweza kwenda baada ya kuzungumza na daktari. Anayetumia dawa zinazoongeza mkojo hupungukiwa na maji upesi. Anayetumia insulini hana budi kubeba kitu cha sukari na kujua kwamba sukari yake inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku akiwa amelala. Na inhela ikae mfukoni, isiachwe ndani ya gari. Maumivu ya kifua unapopanda ni sababu ya kusimama papo hapo na kutafuta tiba.

Radi ikianza je?

Shukeni kutoka mgongoni mwa mlima mara moja, mkae mbali na mti ulio peke yake, ua wa waya na mitambo ya upepo. Msirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kwa nini mapaja huuma kesho yake kuliko siku yenyewe?

Wakati wa kushuka, misuli ya mapaja hujikaza huku ikivutwa, na nyuzi zake hupata michubuko midogo ambayo maumivu yake hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Hatua fupi na fimbo hupunguza mzigo huo. Maumivu hayo huisha yenyewe, lakini mkojo ukigeuka rangi ya kahawia kama soda ya kola, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwani huenda misuli imeharibika kiasi cha kudhuru figo.