Figo, jeli za maabara na mashine: tunayoulizwa kila siku

Sista, figo iliyoharibika inaweza kutengenezwa?
Figo iliyofeli ghafla, mfano kwa kuharisha sana au kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, mara nyingi hurudi ikiwahiwa. Ile iliyoharibiwa taratibu na presha au kisukari hairudi. Vichujio vyake, kama milioni moja kila figo, haviongezeki baada ya kuzaliwa.

Nimesikia habari za bayomateria. Ni nini?
Ni vitu vilivyotengenezwa vikae mwilini au viguse damu bila kuleta madhara. Kuna jeli zinazochomwa kwenye figo zikiwa zimebeba dawa au seli. Pia kuna kuosha figo ya mnyama mpaka seli zote zitoke, kibaki kiunzi kitupu kama nyumba ya udongo iliyobaki fito, kisha kupandwa seli mpya. Mwaka 2013 watafiti wa Boston, Marekani, walifanya hivyo kwa figo ya panya. Ikatoa mkojo, ila haukuchujwa vizuri.

Basi nisubiri hiyo, nisiwekwe mashine ya kuchuja damu?
Hapana.

Hata miezi michache?
Hapana! Jeli chache ndizo zimefika kwa binadamu, nazo ni kwenye majaribio. Huku unasubiri, potasiamu, chumvi ya damuni ambayo figo huitoa, inapanda na inaweza kusimamisha moyo usiku mmoja.

Lakini jirani yangu aliwekwa mashine, wiki hiyohiyo akafa.
Aliletwa lini? Tunaowapokea hivyo huja wamebebwa, wamevimba uso na miguu, maji yamejaa kwenye mapafu, hawajui hata majina ya watoto wao. Nyuma yao kuna miezi ya madumu ya dawa za mizizi, na cheti cha daktari kimekunjwa kabatini. Kilichowaua ni kuchelewa, lawama ikaangukia mashine.

Na hiyo mashine unayoikimbia ndiyo bayomateria iliyokwisha thibitika. Mwaka 1943, Uholanzi, Willem Kolff alichuja damu kwa selofani ya kufungashia soseji. Siku hizi kichujio ni nyuzi laini za plastiki, na unachujwa kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4 hivi. Ukiwahi, unatengenezewa mshipa mkononi mapema badala ya kuwekwa mpira shingoni kwa dharura. Ukiwahi, wewe na ndugu yako mnaweza pia kupimwa ili upandikizwe figo yake. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanafanya tangu 2017. Gharama ni mzigo, sikatai. Nenda ustawi wa jamii wa hospitali ukaulize, usijifungie nyumbani.

Nitajuaje mapema?
Wenye presha au kisukari wapime kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) na protini kwenye mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Usingoje kuvimba, ukivimba tayari umechelewa.

Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ninayonunua kila mgongo ukiuma?
Acha, inaweza kuumiza figo. Njoo nayo kliniki tukupe mbadala.